Siku ya Luka Haitwi Mtu

Pirot, 14 Septemba 2009

Shangazi Desa mpendwa,

Nimefika salama. Dereva alinishusha mbele ya soko kama ulivyomwagiza, kisha akakataa kuondoka mpaka apatikane mtu wa kunibebea sanduku. Abiria wakaanza kunung'unika. Akawaambia, "Mama mmoja wa Knjaževac ameniapia kwamba nikimwacha huyu Mskoti peke yake atapotea hadi Bulgaria, na huyo mama simwezi." Asante, nadhani.

Chumba ni kizuri. Kiko ghorofa ya pili, kina jiko la kuni na dirisha linalotazama ua wa watu. Mwenye nyumba anaishi Niš, sijamwona ila kwenye simu. Mwaka mzima nilipopanga kwako nililalamika kwamba kila nikishuka ngazi unaniuliza nimekula nini. Hapa hakuna anayeniuliza. Jana nilikula biskuti, na nyumba nzima ikanyamaza.

Kuanzia saa tisa nafundisha watoto. Mmoja wa miaka saba aliniuliza kama ni kweli kwetu kuna watu wanaozungumza Kiingereza kutwa nzima bila kupumzika. Nikamwambia ndiyo. Akanionea huruma. Saa moja jioni ni zamu ya watu wazima: muuguzi, makarani wawili, na Tihomir, mwoka mikate, ambaye huja na unga kwenye nyusi. Huamka alfajiri sana, kwa hiyo darasani anasinzia, ila kwa adabu, kichwa wima.

Sasa jambo lenyewe. Vukašin, mwenye shule, anataka jibu kabla ya katikati ya Desemba: nabaki miaka mingine miwili, au mkataba unaishia hapo na narudi Uskoti. Nimemwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba kuhusu shule sina la kufikiri, shule ni shule. Ninachofikiria ni kama nina mtu katika nchi hii. Nikihesabu napata mmoja, yuko Knjaževac, na kwenye simu hasikii. Ndiyo maana naandika.

Nimesahau ndara zangu za sufu mlangoni kwako.

Wako,
Ailsa


Knjaževac, 21 Septemba 2009

Mwanangu Ailsa,

Barua yako nimeipokea tarehe 18. Najibu kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikifanya dirishani pale stesheni miaka yote niliyowauzia watu tiketi: abiria mmoja mmoja, bila kusukumana.

Kuhusu dereva: alifanya sawa.

Kuhusu biskuti: aibu. Chemsha maharage. Maharage hayahitaji ujuzi, yanahitaji muda tu, na wewe asubuhi huna kazi.

Kuhusu jiko la kuni: kila Jumamosi futa majivu, na usifungue dirisha na mlango kwa pamoja. Na usitoke na nywele mbichi. Najua unatoka nazo.

Kuhusu lugha yetu: umezidi kuandika vizuri. Makosa nimeyasahihisha kwa wino mwekundu na barua yako nakurudishia humu ndani, uitazame. Usikasirike. Wewe unawafanyia wenzako hivyo hivyo, tena unalipwa.

Kuhusu Vukašin: mwambie aache haraka. Hilo la kuhesabu watu sikulipenda. Mtu hahesabu watu wake kama mifuko kwenye basi.

Kuhusu ndara: hujazisahau. Zimekaa. Ziko chini ya koti la marehemu mume wangu Svetozar, mahali pake. Anayeondoka na ndara zake ni mgeni.

Wiki hii nimechoma pilipili hoho pamoja na jirani Jelica. Tumejaza chupa mpaka mwisho wa kabati. Jelica akasema, "Desanka, unamsagia nani zote hizi, mwanao yuko Melbourne na wewe una meno sita." Nikamwambia nina meno tisa. Predrag alipiga simu kutoka huko Melbourne. Nilichosikia ni kwamba mwaka huu pia haji.

Nakubusu,
Desa


Pirot, 5 Oktoba 2009

Shangazi Desa,

Nimechemsha maharage. Yaliungua chini lakini juu yalikuwa mazuri. Wino mwekundu nimeusoma wote.

Nakumbuka mwaka jana mwezi kama huu ulivyosimama chini ya ngazi, mikono kiunoni, ukasema, "Kesho ni Siku ya Luka, mtakatifu wa nyumba hii. Vaa gauni, saa sita shuka." Nikashuka. Sijawahi kuona meza kama ile. Kisha ukaniletea lile bakuli la ngano ya kuchemsha, yenye sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, mimi wa kwanza kwa sababu nilikaa karibu na mlango. Wala sikujua kwamba kila mgeni huchota kijiko kimoja tu, anajifanyia ishara ya msalaba na kumpisha mwenzake. Nilidhani ni sahani yangu. Nikala yote. Shemeji yako akakohoa, na mimi nikasema, "Tamu sana, asante." Hadi leo nikikumbuka natamani kuingia chini ya meza.

Natumaini umenisamehe.

Nimeona kwamba mwaka huu Siku ya Luka, tarehe 31 Oktoba, ni Jumamosi. Jumamosi huwa sina darasa.

Tihomir amejifunza kusema kwa Kiingereza "nimechoka." Ndiyo sentensi yake ya kwanza bila kosa.

Wako,
Ailsa


Knjaževac, 14 Oktoba 2009

Mwanangu,

Nimepokea. Maharage yakiungua chini, moto ulikuwa mkubwa au mpishi alikuwa anasoma kitabu. Nadhani la pili.

Kuhusu Jumamosi: vizuri kwamba huna darasa.

Kuhusu ngano: habari hiyo imeshafika hadi Zaječar, wala si mimi niliyeipeleka, ni Jelica. Mwaka huu nimenunua kilo mbili badala ya moja. Unajua kwa nini. Jelica anasema afadhali ningenunua gunia.

Kiti cha Predrag nimekipeleka kwa fundi. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, mtu akikikalia angeanguka. Sasa kiko imara.

Kabichi nimezipanga kwenye pipa pamoja na chumvi, jiwe liko juu. Mgongo unauma, lakini ungeuma hata nisingefanya. Kasisi atakuja saa nne kukata mkate. Mvua ni nyingi, barabara ya mlimani ina matope, lakini basi linapita.

Vaa soksi.

Nakubusu,
Desa


Pirot, 24 Oktoba 2009

Shangazi Desa,

Asante kwa barua. Nimefurahi kusikia kwamba maandalizi yanaendelea vizuri.

Humu nimekuwekea kadi. Nakutakia Siku ya Luka yenye heri, wewe na wageni wako wote. Kuhusu ngano, naelewa, na nakubali kwamba ni kichekesho kizuri.

Watoto wana mafua, darasa limebaki nusu. Vukašin ameniuliza tena. Nimemwambia bado.

Wako,
Ailsa


Pirot, 2 Novemba 2009

Shangazi Desa,

Natumaini siku yenu ilikwenda salama na nyumba ilijaa.

Sisi Jumamosi tulikwenda kwenye chemchemi za maji ya moto. Vukašin alikodi basi dogo na kuwachukua walimu wote. Sikuwa na mpango mwingine, kwa hiyo nilikwenda. Maji yalikuwa moto kweli, watu wazee wamejaa humo kama viazi kwenye sufuria, kila mmoja anamweleza mwenzake ugonjwa wake. Bibi mmoja aliniuliza natoka wapi na naumwa nini. Nikasema natoka Uskoti na siumwi. "Basi umekuja kufanya nini?" akauliza.

Mchana tulikula samaki. Saa sita nilikukumbuka, nikajua ndio wakati unawasha mshumaa.

Niandikie ilikuwaje.

Wako,
Ailsa


Pirot, 11 Novemba 2009

Shangazi Desa,

Leo nilikuwa natoka sokoni, dereva wa basi la Knjaževac akanipigia honi. Akafungua dirisha akanipa kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba. Nikamwuliza, "Kuna barua?" Akasema, "Hakuna, mwalimu. Nimeambiwa nikupe tu." Kisha akanitazama kama mtu anayetaka kuongeza neno, akafunga dirisha.

Ndani mlikuwa na ndara zangu. Zimefuliwa.

Nimezisoma upya barua zako zote na zangu zote, zile zenye wino mwekundu na zisizokuwa nao. Sioni nilipokosea. Kama ni kile kichekesho cha ngano, sikukichukia, au nilikichukia kidogo tu. Kama ni jambo jingine, tafadhali niambie. Ukinisahihisha huwa najifunza. Unajua hivyo.

Ailsa


Knjaževac, 16 Novemba 2009

Bibi Ailsa,

Barua zako za tarehe 2 na 11 nimezipokea. Kadi pia nilipokea, tarehe 30. Nzuri. Benki hunitumia ya namna hiyo kila Mwaka Mpya.

Umeuliza ilikuwaje. Nyumba ilijaa. Kasisi alikuja, mkate ukakatwa, mshumaa ukawaka mpaka jioni. Kiti kimoja hakikukaliwa. Shemeji alitaka kuweka koti lake hapo nikamkataza. Saa tisa Jelica akasema, "Desanka, basi la mwisho limeshapita, mwondolee sahani." Nikaiondoa. Ngano ilibaki nyingi, nimewapa kuku.

Nimefurahi kwamba maji yalikuwa moto.

Ndara zilikuwa zinazuia mlango. Chumba cha juu ameulizia kijana mmoja anayesomea udaktari wa meno. Nitamjibu baada ya sikukuu.

Desanka Stojković


Pirot, 20 Novemba 2009

Shangazi Desa,

Tafadhali soma barua hii mpaka mwisho, kwa mpangilio.

Jana jioni niliwaambia watu wazima waeleze kwa Kiingereza siku ya mtakatifu wa nyumba zao: wanapika nini, wanamwita nani. Muuguzi akainua kalamu, akauliza, "Mwalimu, tunamwita kwa maana gani?" Nikasema, kualika, kumwambia mtu aje. Wakatazamana. Tihomir akaamka.

"Nani anaitwa?" akasema, tena kwa lugha yenu, maana hasira zilimpanda. "Siku hiyo haitwi mtu. Ukimwita mtu ni kama unamwambia zamani hukumtaka."

Nikauliza, "Sasa mgeni atajuaje kama anatakiwa?"

"Anaambiwa mara ya kwanza. Basi. Wewe ulishawahi kuambiwa?"

"Mwaka jana."

"Ukaenda?"

"Nikaenda."

"Basi umeshaitwa mpaka ufe. Mwaka huu ulipeleka nini?"

Nikasema nilipeleka kadi.

Shangazi, hakuna aliyecheka. Muuguzi aliziba mdomo kwa mkono. Karani mmoja akasema taratibu, "Kadi," kama mtu anayesoma jina la ugonjwa. Tihomir akaniuliza kama mama huyo yuko hai. Nikasema yuko hai. Akasema, "Ana moyo."

Kwetu mtu huja akiitwa. Asipoitwa, kukaa mbali ndiyo heshima. Nilikuwa nangoja neno lako moja. Niliandika kwamba Jumamosi sina darasa, nikangoja. Ulipoandika habari ya kilo mbili za ngano nilidhani unanicheka na kwamba kwa sababu ya lile bakuli hunitaki tena mezani. Sasa ndio naona. Ile ngano ilikuwa yangu, na kile kiti pia.

Sitakuomba msamaha kwa maneno mengi, maana utayasahihisha. Nasema tu sikujua.

Sisi kila nyumba haina mtakatifu wake. Nchi nzima ina mmoja, Andrea. Siku yake mimi nitakuwa nyumbani. Sisemi zaidi, kwa sababu sasa nimejifunza kwamba zaidi haisemwi.

Wako,
Ailsa


Knjaževac, 26 Novemba 2009
(kadi ya posta)

Nimepokea. Nimesoma mpaka mwisho. Nimetazama kalenda.

Desa


Pirot, 2 Desemba 2009

Shangazi Desa,

Juzi Jumatatu ilikuwa Siku ya Andrea.

Niliahirisha madarasa yote. Nilipika supu ya kwetu, nyama ya kondoo na shayiri, ikaiva bila kuungua. Niliwasha mshumaa. Ndara zangu niliziweka mlangoni, mimi nikabaki na soksi, kwa sababu sina jozi ya pili. Nilishuka kutazama basi la mchana, kisha basi la jioni. Dereva aliniona, akatikisa kichwa kabla sijauliza.

Sikulaumu. Nadhani ndivyo na wewe ulivyokaa, na ni haki niijue hali hiyo. Ulisema umetazama kalenda, nami nikajipa tumaini, lakini mtu anaweza kutazama kalenda na kuamua hapana.

Supu niliwapelekea majirani wa ghorofa ya chini. Walishukuru, wakaiweka mlangoni, na jioni nikaona mbwa anaila. Sijui ilikuwa na kosa gani.

Tarehe 14 nitamwambia Vukašin kwamba naondoka. Si kwa hasira. Nilitaka uisikie kwangu kwanza. Chumba mpe huyo kijana wa meno.

Asante kwa mwaka ule. Nasema kweli.

Ailsa


Pirot, 13 Desemba 2009

Shangazi Desa,

Basi lako limeondoka sasa hivi, nami naandika kabla sijavua koti. Kwenye simu husikii, na mezani nilikuwa nikifungua mdomo unanijazia kijiko, kwa hiyo mengi sikuyasema. Tena nataka kuiandika siku hii ilivyokuwa, nibaki nayo.

Asubuhi niliona watu wa ua wa pili wanatupa mahindi ya kuchemsha juu ya paa. Nikauliza kulikoni. Wakasema leo ni siku ya dubu, anapewa chake mapema ili asishuke mlimani. Nikapanda juu, nikaosha nywele, nikabandika maharage. Jumapili ya kawaida.

Halafu ukagonga mlango. Theluji mpaka magotini, chupa ya pombe kali ya rakija ndani ya gazeti, kahawa kwapani, mfuko mkononi.

"Shangazi! Kuna nini?"

"Kuna nini, ananiuliza. Heri ya mtakatifu wako, mwenye nyumba! Unanipa ndara, au nisimame hapa kama nguzo ya simu?"

Nikakupa ndara zangu. Nikasema, "Lakini Andrea... Siku ya Andrea ilishapita. Ilikuwa wiki mbili zilizopita."

"Kwa nani?"

"Kwetu."

Ukavua kitambaa cha kichwa, ukakikung'uta. "Kalenda ya kanisa inasema leo. Mahindi yako juu ya paa leo. Dubu mwenyewe anajua ni leo. Sasa wewe uko kwenu au uko kwetu?"

Hukungoja jibu, ulikwenda moja kwa moja kufunua sufuria.

"Maharage, bila nyama, siku ya mfungo," ukasema. "Haya. Kuna mtu amejifunza."

Shangazi, nakiri sikujifunza. Ni maharage tu, nayapika kila Jumapili tangu uliponifundisha. Wala sikujua kwamba mmeshaanza mfungo.

Kisha ukatoa lile bakuli kwenye mfuko, lile lile, na ngano ndani yake. Nikasimama wima. Nikachota kijiko kimoja tu, nikakurudishia kwa mikono miwili. Ukanitazama. "Kaa chini," ukasema, "kula yote. Humu ndani ni wewe na mimi, na mimi meno sina." Nikakukumbusha kwamba uliandika unayo tisa. "Hiyo ilikuwa Septemba," ukasema.

Na Tihomir! Sikumwita Tihomir. Alisimama mlangoni na mkate mkubwa, nyusi nyeupe, akasema dukani kwake aliingia mama mmoja akiuliza njia ya kwa yule mwalimu Mskoti anayesherehekea leo, na mtu akishasikia hivyo atafanya nini. Akala sahani tatu, akasinzia kwenye kiti kichwa wima, nawe ukaninong'oneza, "Huyu ndiye bora wako darasani?"

Hukusema neno kuhusu tarehe 31. Nami sikusema. Ulinisahihisha namna ya kushika kisu tu.

Kuna barua yangu ya tarehe 2, itakuwa imekwama njiani kwa theluji. Ikifika, tafadhali usiifungue.

Kesho nitamwambia Vukašin nabaki.

Wako,
Ailsa

Nimezitafuta ndara zangu kila mahali, sizioni.


Knjaževac, 17 Desemba 2009

Mwanangu Ailsa,

Najibu kwa mpangilio.

Safari: nilifika salama. Dereva alinishikia mkono mpaka lango la nyumba, nikamwambia mimi si Mskoti, sipotei.

Barua ya tarehe 2: niliikuta mlangoni niliporudi. Ya tarehe 13 imefika jana, inasema nisiifungue. Nilikuwa nimeshaifungua, na hata ningekuwa bado ningeifungua. Kondoo katika siku za mfungo! Ningekuja siku hiyo ningekataa kuonja, ungelia, tungegombana upya. Majirani zako pia wanafunga, ndiyo maana mbwa alishiba. Lakini habari ya kwamba ulibaki na soksi mlangoni niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kalenda: sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na siku nyingine ya Andrea. Kasisi anasema ni kweli, wenzenu wako mbele yetu siku kumi na tatu. Nimemwambia hawajafika popote kwa haraka hiyo.

Jelica: aliniuliza, "Alikuita?" Nikamwambia hakuniita. Akasema, "Safi. Basi ni mtu wa nyumbani."

Kijana wa meno: nimemjibu hapana. Alipokuja kutazama chumba alitazama zaidi mdomo wangu.

Tihomir: hajaoa? Nauliza tu.

Maharage: bado yanahitaji jani la kiungo la kuyatia harufu.

Ndara: zilikuja na mimi ndani ya mfuko. Sikukuambia kwa sababu ungeuliza. Ziko chini ya koti la Svetozar.

Kuhusu Oktoba ijayo, sitakuandikia neno.

Nakubusu,
Desa